Nikizifunga Slaidi Nitakuwa Nimemfungia Nje

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua hii nimeianza nikaifuta mara nyingi, maana ukiitazama juujuu ni swali dogo la kompyuta, swali la kumuuliza fundi yeyote mwenye kibanda mtaani: nifanyeje ili watu waendelee kuziona slaidi zangu lakini asiwepo wa kuzigusa? Ingekuwa ni hilo tu nisingekusumbua. Shida yangu ni kwamba fundi atanijibu, tena atanijibu haraka, na mimi nikishajibiwa sitakuwa na kisingizio tena.

Mimi ni mwalimu wa darasani katika shule ya udereva. Garini siingii na wanafunzi, hiyo ni kazi ya walimu wa barabarani. Mimi nafundisha alama na sheria, nani apite na nani asubiri, katika chumba cha juu chenye viti vya plastiki, pazia zito la kuzuia jua, na projekta ambayo usipoipiga kofi ubavuni haiwaki. Umri wangu unakaribia arobaini, sijaolewa, niliwahi kuchumbiwa yakaishia njiani, na nilikuwa nimeshayazoea maisha yangu, au nilijiambia hivyo.

Pale shuleni palikuwa na mwalimu wa barabarani ambaye sote tunamwita Breki, kwa sababu mwanafunzi wake akishuka garini neno linaloendelea kumlia masikioni ni hilo. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache, na mashati yake yote yamepauka mkono mmoja, ule wa upande wa dirisha. Mkurugenzi alipoamua tuachane na chaki, alitukabidhi mimi na Breki kazi ya kutengeneza slaidi za masomo yote, mimi kwa kuwa nazijua sheria, yeye kwa kuwa anajua watu hukosea wapi, basi likizo nzima tukawa tunakaa naye chumba kile cha juu, yeye anachora vigari kwa vidole vyake vinene, mimi nasahihisha maandishi, na kwa kuwa alikuwa akiandika kila kitu kwa herufi kubwa kama mtu anayepiga kelele, nikamwambia, "Breki, hawa wanafunzi si viziwi," naye akanijibu bila hata kugeuka, "Mwalimu, wewe hujawahi kukaa nao garini," tukacheka mpaka mhasibu wa chumba cha chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Hakuna lililotokea kati yetu, Shangazi, usije ukafikiri nakuficha. Tulitengeneza slaidi, tukanywa chai, kazi ikaisha. Ila mimi likizo ile ilipomalizika nilijikuta nanunua majani ya chai anayoyapenda yeye.

Kisha mama yake akapatwa na kiharusi, huko mji mwingine, na kwa kuwa ndugu zake wote wako mbali zaidi, Breki ndiye aliyelazimika kwenda. Mkurugenzi akampeleka kwenye tawi letu dogo la huko, ambako anafundisha darasani na barabarani. Siku ya kuondoka alipanda ngazi akasimama mlangoni pa darasa langu, funguo za gari anazigeuzageuza mkononi, akasema, "Mwalimu, kuna kitu nilitaka..." Wanafunzi wakaingia kwa kelele zao. Akawapisha, akanitazama juu ya vichwa vyao, akasema, "Basi, tutaongea." Hatujaongea mpaka leo. Namba yangu anayo, yake ninayo, sikukuu zikifika tunatumiana salamu za heri na baraka zile ambazo hata kampuni ya maji huwatumia wateja wake.

Ila tuna slaidi. Matawi yote mawili yanafundishia slaidi zilezile, zinakaa mtandaoni, na yeyote wa shuleni anaweza kuzibadilisha, ingawa kwa kawaida tunaozigusa ni sisi wawili. Siku moja asubuhi nikafungua somo la watoto wanaovuka barabara nikakuta mtu amewavisha wale watoto kofia. Nilijua papo hapo ni mkono wa nani. Nikamchorea mtoto mmoja mkoba. Kesho yake mkoba una kitabu kinachochungulia. Ndivyo ilivyoanza, Shangazi, na tangu hapo asubuhi yangu haianzi kwa chai, inaanza kwa kutafuta kilichobadilika. Akibadilisha rangi ya lori nami nalitia namba za usajili. Aliwahi kuweka picha ya mbuzi aliyelala katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu huko kwao, chini akaandika HUYU HANA HARAKA, mimi nikazirudisha herufi ziwe ndogo, yeye akazikuza tena, tukavutana hivyo wiki nzima, na wanafunzi wangu wakashangaa mwalimu wao anachekea nini alama za barabarani.

Kuna nyakati tunazifungua kwa pamoja. Nitaeleza kwa wasiojua: mwenzako akiwa ndani ya faili lilelile, juu pembeni kunatokea kiduara chenye herufi ya jina lake, na unaona yuko slaidi gani. Nikiona kiduara chake kimesimama kwenye slaidi niliyopo, sisogei. Naye hasogei. Tunakaa hivyo, yeye kwake mimi kwangu, kwenye slaidi ya mteremko mkali, hakuna anayeandika kitu, halafu kiduara kinapotea. Nimewahi kushikwa mkono na mwanamume, Shangazi. Sikumbuki kama nilisikia vile.

Sasa nifike kwenye lililonileta.

Tuna slaidi ya mzunguko wa barabara, ule wa magari kuzunguka kisiwa cha katikati. Pale pana visanduku viwili: cha kijani kimeandikwa APITE, kiko juu ya gari ambalo tayari limo ndani ya mzunguko, na chekundu kimeandikwa ASUBIRI, kiko juu ya gari linalotaka kuingia. Wiki moja nilishikwa na homa, akafundisha mwalimu mgeni, naye masikini akasoma kilichokuwa ukutani. Visanduku vilikuwa vimebadilishana nafasi. Aliyekuwa mbele kabisa siku hiyo ni mama mwenye duka la vitambaa, mtu mzima, mwoga wa gari tangu ujana, ambaye binti zake walimbembeleza mpaka akakubali kujifunza. Siku iliyofuata akatoka barabarani, akafika kwenye mzunguko, akaingia bila kusubiri. Mwalimu aliyekuwa pembeni yake alikanyaga breki, lakini pikapu iliyokuwa ndani haikuwa na pa kukimbilia, ikamgonga ubavuni. Mfupa wa bega ukapata ufa. Mungu saidia hakufa mtu. Alipokuja kuchukua karatasi zake za usajili, mkono umefungwa kitambaa shingoni, aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, mimi si nilikariri vizuri? Nilikariri mlichonionyesha."

Mkurugenzi wetu si mtu wa kupandisha sauti, na ndiyo maana tunamwogopa. Alituita sote akauliza nani aliyegusa slaidi ile. Lawama zikamwangukia binti wa mapokezi, kwa sababu ndiye anayewasha kompyuta asubuhi na kuwachapia wanafunzi nakala, na aliwahi kubadilisha namba ya simu kwenye slaidi ya kwanza. Alilia, akaapa, akaambiwa akae nyumbani mpaka ukweli ujulikane.

Mimi nikapanda juu, nikafungua historia ya mabadiliko, ile inayoonyesha nani kagusa nini. Alikuwa Breki. Jumamosi mchana, kwa simu. Unajua alikuwa akifanya nini? Alichora benchi dogo kwenye kisiwa cha katikati ya mzunguko, na juu ya benchi watu wawili wameketi. Visanduku alivisogeza ili apate nafasi, na alipovirudisha kwa kidole kwenye kioo kidogo, vikarudi sivyo.

Nikavirudisha mahali pake. Benchi nikaliacha. Mkurugenzi aliponiuliza nimeona nini nikamjibu, "Bado naangalia." Akaniagiza: kabla ya mwisho wa wiki slaidi zote zifungwe, matawi yote yatazame tu, wa kuhariri nibaki peke yangu, na jina la aliyeharibu liwe mezani kwake.

Wiki inaisha. Sijafunga, sijasema. Binti wa mapokezi ananiandikia, "Dada, umeona chochote?" namjibu, "Vumilia, mdogo wangu." Breki mwenyewe hajui lolote, siku hizi haonekani mtandaoni, labda mama yake kazidiwa. Nikitaja jina lake atapoteza kazi inayomlipia mama dawa. Nikizifunga, siku atakayofungua atakuta hawezi hata kusogeza nukta, bila neno lolote kutoka kwangu, atadhani ni mimi niliyemfukuza, na atakuwa sahihi. Nimetafuta ujanja mpaka nimechoka. Hakuna namna ya kuwafungia wote isipokuwa mmoja? Au nitengeneze nakala ya pembeni, ya kwetu wawili tu, isiyofundishiwa mtu?

Nisaidie, Shangazi. Nikiziacha wazi nitaumiza watu, nikizifunga sina tena njia ya kujua kama ananikumbuka.

Wako,
Mwalimu wa Chumba cha Juu

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Nilipoanza kuisoma barua yako nilitabasamu, na pale penye viduara viwili kwenye mteremko mkali nikavua miwani nikaifuta. Nikafika kwa binti wa mapokezi, tabasamu likaniishia. Ndiyo maana nitaanza na yeye, ingawa wewe umempa sentensi chache mno katika barua ndefu kiasi hiki.

Binti yule yuko nyumbani kwao anatazamwa kama mwizi. Kila akisikia mlango unagongwa anafikiri ni habari mbaya nyingine. Na wewe, unayejua kwamba hana kosa, unamwandikia "vumilia". Avumilie nini? Avumilie mpaka wewe umalize kutamani? Samahani nikikukwaruza, lakini maneno laini umeshajiambia ya kutosha. Kila siku unayonyamaza, kosa la kidole cha Breki linazidi kuwa kosa la mdomo wako.

Nije kwa Breki. Umemwonea huruma kwa namna ambayo mtu mzima yeyote angeikataa akiulizwa. Umeamua kwa niaba yake kwamba hawezi kubeba ukweli, kwamba atavunjika, kwamba mkurugenzi atamfukuza. Umeyajuaje? Mtu aliyekaa miaka garini na watu waoga, mguu wake juu ya breki ya pili, anajua kosa ni nini na linaweza kumpata nani. Unachomnyima ni nafasi ya kuuliza hali ya yule mama, kuomba radhi, na kusimama mwenyewe mbele ya mkubwa wake. Ukimficha leo, akaja kujua baadaye kwamba msichana wa watu alifukuzwa kwa ajili yake, unadhani atakushukuru?

Hata hivyo sitaki ukimbilie kwa mkurugenzi na jina lake mkononi kama mtu aliyeokota kitu. Mpigie Breki kwanza. Nimesema umpigie, usimwandikie. Najua kuandika ndiko mlikozoea, na hata kuandika kwenyewe mmekufanya kwa kofia na mbuzi. Safari hii asikie sauti yako. Mwambie kilichotokea tangu mwanzo mpaka bega la yule mama, usipunguze, usimpambie. Mpe siku hiyohiyo awahi kumwambia mkurugenzi kwa kinywa chake. Asipofanya, asubuhi wewe utafanya, na umwambie hivyo wazi.

Sasa kufuli. Nimemuuliza mwenzangu anayepanga kurasa za gazeti hili, mama mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumgusia kazi yake akabaki na furaha. Anasema ingia kwenye sehemu ya kushirikisha faili, kila jina lenye ruhusa ya kuhariri ulishushe liwe la kutazama tu, na usiisahau linki ya jumla, maana watu hufunga majina yote wakaiacha linki wazi. Usibaki peke yako kama alivyoagiza mkurugenzi. Mwombe awepo mwenzako mmoja, ili usiwe wewe mwandishi na wewe mkaguzi. Atakayeona kosa aandike maoni pembeni, nanyi myasome kabla ya kugusa. Za kufundishia darasani hifadhi kwa PDF, hiyo mwalimu mgeni hawezi kuisogeza hata akitaka. Na ujue mpaka wake: anayeona anaweza kupiga picha au kunakili, unachokilinda ni ile ya asili isibadilike. Kwa shule ya udereva hicho ndicho cha maana.

Ile nakala ya pembeni ya watu wawili, mwenzangu anasema inawezekana kabisa, ni dakika chache. Mimi nakukataza. Mtaikalia nakala hiyo mpaka meno yawatoke, mnavishana kofia, na siku moja kiduara hakitatokea tena na hutakuwa na haki hata ya kuuliza kwa nini.

Unasema ukifunga hutakuwa na njia ya kujua kama anakukumbuka. Mwanangu, mwanamume amechora benchi, akaweka watu wawili juu yake. Alichokuwa nacho amekisema kadiri alivyoweza. Wewe umefanya nini? Umelihifadhi. Nakuelewa, wala sikuchekei. Ukikaa muda mrefu bila kutamaniwa, kitu kidogo kinatosha kukushibisha, na unaogopa kuomba zaidi usije ukanyang'anywa hata hicho. Nimepita huko. Lakini kinachokushibisha wewe kimemvunja bega mtu ambaye hakualikwa kwenye mchezo wenu.

Kwa hiyo: leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, piga simu. Ukishakata, zifunge slaidi, usingoje hata usiku mmoja. Kesho asubuhi uwe mlangoni kwa mkurugenzi kabla hajafika, useme na lako la kuchelewa kusema, halafu uende nyumbani kwa yule binti kwa miguu yako, usimtumie ujumbe. Baada ya hapo nenda dukani kwa mama wa vitambaa ukamwambie kwamba alikariri vizuri, mliokosea ni nyinyi. Na kabla hujakata hiyo simu, ukishamaliza ya kazi, mwambie Breki unachokitaka. Usimuulize yeye anataka nini. Sema unachokitaka wewe.

Shangazi

ALITUANDIKIA TENA

Shangazi, shikamoo tena. Nimefanya uliyonituma, ingawa si kwa ushujaa.

Breki alipokea simu nikasikia sauti za watu na milango, nikajua yuko hospitalini. Nikamwambia, "Breki, ni mimi." Akasema, "Najua ni wewe. Kuna nini?" Nikamwambia yote, nimesimama, maana nikikaa ningelia. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Yule mama anaendeleaje?" Kisha akasema, "Nilitaka likae vizuri tu, lile benchi." Hakuniomba nimfiche. Mkurugenzi aliponiona mlangoni asubuhi aliniambia ameshapigiwa. Breki amepewa onyo la maandishi na hatafundisha darasani kwa muda, barabarani ataendelea. Mimi nami nimepewa onyo langu, na nimelistahili.

Nyumbani kwa binti wa mapokezi nilifunguliwa na mama yake, hakunikaribisha ndani. Binti alitoka akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, ulikuwa unajua, na ukaniambia nivumilie." Amerudi kazini, ananisalimia kwa sababu ya heshima tu. Nangoja. Mama wa vitambaa alinisikiliza akikata kitambaa cha mteja, akasema atafikiria. Gari hataki kulisikia kwa sasa.

Slaidi nilizifunga jioni ileile. Asubuhi zilikuwa vilevile nilivyoziacha, na kesho yake vilevile. Sikujua kwamba kitu kisichobadilika kinaweza kuumiza hivyo. Darasa lilikuwa limejaa nami nikajiona kama nafundisha kwenye nyumba iliyohamwa.

Ile simu, Shangazi, nilikuwa karibu niikate bila kusema la mwisho. Alishaniambia, "Haya, Mwalimu, asante kwa kuniambia," na mimi nikasikia kimya kinakuja, kile nilichokizoea. Nikasema, "Breki, nataka kukuona." Akauliza, "Kwa ajili ya hili suala?" Nikasema, "Hapana."

Jumamosi nikapanda basi. Alinipokea kituoni, amekonda, tukapeana mikono kama watu waliokutana benki, kisha tukatembea mpaka kwao bila kujua mikono tuiweke wapi. Njiani alinieleza kwamba hawezi kurudi, daktari amesema mama asisafirishwe, huenda ikawa miaka. Nikamwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa kweli, lakini sikujuta kuja.

Mama yake, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini, alikuwa amelazwa chumba cha mbele, karibu na dirisha, upande mmoja wa uso haumtii. Nikapiga goti nikamwamkia. Alinitazama, akamtazama mwanawe, akanirudia mimi. Maneno kwake yanatoka kwa shida, moja moja, kama mtu anayeokota shanga sakafuni.

"Huyu ndiye," alisema, "anayekuchekesha kwenye simu?"

Breki aliinamisha kichwa. "Ndiye, mama."

Yule mama akafumba macho kidogo, nikadhani amelala. Halafu mkono wake mzima ukapapasa kitandani, ukasogeza shuka, ukaacha nafasi pembeni yake.

"Basi akae," akasema.

Nikakaa.